Sikutumbukiza Mukono mu Sombe

Bon, ile odio ya dakika tatu yenye iko nazunguka mu grupu ya kwaya, nimeisikia. Nimeisikia mara tatu, moja nikiwa ku choo. Rafiki yenye aliituma sitamutaja jina, anajijua, na tumbo yake inajijua, juu siku ya Mungu ile alikuya kwangu paka juu ya kukula. Anasema nilitumbukiza mukono muzima mu sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, mbele ya baba mukwe. Mukono muzima! Ilikuwa bidole tatu. Na haikukuwa njala, nilikuwa naficha kintu. Acheni niwaelezee mi mwenyewe, na bidole hii niko naandika nayo ingali rangi ya majani mpaka leo, kwa hiyo kama herufi inaruka mutanisamehe.

Munajua siku ya Mungu ya Lubumbashi, umetoka ku misa ya kwanza, kuran ya umeme hakuna, Mazembe haichezi, Lupopo haichezi, lupango muzima bantu bamelala sawa bafu. Nikajisemea leo nitafanya kintu na mikono yangu. Nilikuwa na mufuko moja ya farini ya ngano, niliifuaka zamani nikaitunza, juu bazee balituambiaka kama ba pentre ya hapa kwetu balikuwa banapiga rangi juu ya mufuko ya farini, toile ya duka ilikuwa bei. Nikaigongomea misumari ku mbao ya kitanda yenye ilivunjikaka. Musiulize ilivunjika namna gani.

Mbao iko, mufuko iko, broshi hakuna. Njo nikakumbuka Bela.

Kama haumujui Bela, kaa chini. 1946, wakati muji ilikuwa ingali naitwa Élisabethville, Mufaransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, alifungua atelie hapa, baliita Hangar. Mule mulitoka Pili Pili Mulongoy na samaki na ndege yake, mulitoka Mwenze Kibwanga na ile mistari yake ya kukatakata. Bela yeye alikuwa muntu ya ku Tchad, alianzia na kazi ya nyumba kwa ule Mufaransa, na broshi hakuitaka, alikuwa anapiga rangi na bidole. Doa kwa doa. Nyama, miti, bawindaji, byote na ncha ya kidole. 2015 tableau yake ilionyeshwa mpaka Paris. Mi nikajisemea, kama kidole ilimutosha Bela, mi ni nani nitafute broshi?

Kintu moja njo sikujiuliza: Bela alikuwa ananawa na nini.

Nikachagua kupiga Mamba Muntu. Bale balikomea mu Katuba ao mu Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, myaka ya 70 na 80 banajua, salon bila Mamba Muntu ku kibambazi haikukuwa salon, ilikuwa depo. Mwanamuke ya maji, nusu muntu nusu samaki, nywele murefu, nyoka pembeni. Rangi nilichukua ile ya mafuta yenye ilibakia wakati tulipakaka mulango ya fer ya lupango, majani kabisa, majani sawa jiwe ya malakite, na kopo ya nyeupe kidogo.

Wee bandugu, ilikuwa utamu. Unachovya kidole, unagusa, unachovya, unagusa, unasahau hata kama uko na deni ya lwayee ya nyumba. Saa mbili nzima sikushika telefone. Mukia ya samaki ilitoka muzuri kabisa, nitaapa mbele ya padri. Nyoka ilitoka sawa soseji, basi. Lakini sura ya ule mwanamuke ilifanana na muntu yenye namujua na sikuweza kukumbuka ni nani. Mushike hapo kwanza, tutarudia.

Telefone ikalia. Ni yeye, bibi-arusi wangu wa kesho kama Mungu anapenda. "Papa na mama bametoka ku kilio hapo karibu na kwako, banapita kukusalimia. Dakika kumi."

Niliangalia mikono. Bidole kumi yote, majani mpaka ku viganja.

Nikakimbia ku maji. Maji ilipita juu ya rangi sawa mvua juu ya jani ya ndizi, ikajikunja matone matone, ikaanguka, rangi ikabakia inanicheka. Rangi ya mafuta na maji haisikilizane, hiyo nimeijua sasa, ingekuwa muzuri nijue mbele. Sabuni ya kipande, bule. Majivu, bule. Muchanga, ngozi ilitoka, rangi ilibakia. Petroli, jirani yenye eko nayo alienda ku misa ya pili. Nikamimina mafuta ya kupikia. Hapo sasa rangi ikaanza kutoka, kweli, nikafurahi, nikasugua na nguvu, kumbe haikukuwa inatoka, ilikuwa inapanda. Ilifika ku kisukusuku.

Hodi hodi.

Baba mukwe, suti ya kilio, kofia. Mama mukwe, kikwembe ya siku ya Mungu, ile ya maua nyeupe. Nikawasalimia na kisukusuku sawa wakati ya Covid, nikasema niko na mafua. Baba mukwe akanipa kisukusuku yake polepole, ananiangalia. Nikamuvutia mama mukwe kiti. Kumbukeni na ile kiti.

Dada yangu yeye alikuwa amepika, bukari, samaki ya thomson, na sombe sufuria nzima, njo rafiki wa odio alikuwa amefika hata mbele ya moto kuwashwa. Nikaweka mikono mu mifuko ya suruali. Nilikuwa na plan: nitasema nimeshiba, nitakaa, batakula, bataenda. Baba mukwe akasema, "Kijana, haukule na sisi?"

Unamujibu nini baba mukwe? Nikakaa.

Mutoto akaleta beseni na jage. Alianzia kwa muzee, maji ikatiririka muzuri. Mama. Rafiki. Akafika kwangu. Nikatoa mukono wa kuume, moja tu, chini chini, karibu ndani ya beseni. Mutoto akamimina. Maji ikajikunja matone matone. Mutoto akaangalia mukono, akaniangalia, akaongeza maji. Matone. Akaongeza tena. Akasema na ile sauti ya batoto yenye haina volimi ya chini: "Yaya, hauloane."

Hakuna muntu alicheka. Ingekuwa heri bacheke.

Nikakata bukari. Sasa munisikilize, juu hapa njo odio inadanganya. Bukari yetu ni ya mahindi nyeupe, munajua namna iko nyeupe, sawa ukuta ya kanisa imetoka kupakwa. Nikafinyanga tonge haraka haraka nikiifunika na kidole gumba. Nilifungua mukono. Juu ya tonge kulikuwa bidole yangu yote, mistari kwa mistari, majani juu ya nyeupe, sawa umepiga kidole ku karte ya uchaguzi. Kurudisha ku sahani siwezi, muntu hairudishe tonge. Kukula siwezi, ile ni rangi ya mulango. Kuuliza forsheti mbele ya bakwe ni kusema bukari ya dada yangu inanichukiza. Baba mukwe aliacha kutafuna. Mama mukwe aliacha kutafuna. Rafiki yangu peke yake aliendelea.

Na macho yangu ikaona sombe. Majani. Majani juu ya majani, nani ataona?

Nikachovya. Nikachovya sana. Nilitaka tonge ifunikwe yote, kwa hiyo nilifika chini ya sahani, bidole tatu, mpaka ku kiungo ya pili, nikazungusha. Sahani ilikuwa ya bote. Nilipotoa mukono, sombe ya pembeni yangu ilikuwa na mafuta ya rangi ingine, inang'aa, sawa pale gari imelala usiku na maji ya mvua.

Kimya. Inzi moja.

Baba mukwe alitumika ku shaba myaka mingi mpaka pansio. Akashika mukono wangu, akaugeuza juu chini sawa jiwe, akanusa. "Shaba ikikaa na maji na hewa inageuka majani," akasema. "Wewe, mwanangu, balikuacha inje tangu lini?"

Hapo njo bakacheka, mpaka dada yangu kule jikoni. Ingine ilipita mbio: nikaeleza Bela, nikaeleza mufuko ya farini, jirani akarudi na petroli, ikatoa kidogo, sombe ya ile sahani tukaimwaga, rafiki akaililia. Sikukimbia sawa vile anasema ku odio. Nilitembea na nguvu.

Lakini kuna kintu odio haiijue, na mi nitawaambia mbele yeye aisikie. Ile kiti. Mama mukwe alipoinuka kuenda, ku mugongo yake, juu ya maua nyeupe, mukono wangu ulikuwako muzima, bidole tano, sawa nilimusukuma. Alipita nayo barabara yote, mpaka mama moja akamusimamisha. Kikwembe iko hapa kwangu ku kamba. Petroli ilitoa rangi, na maua pia.

Jana usiku bibi-arusi akanitumia listi mupya ya dote, ile mahari. Kikwembe mbili za wax zimeongezwa kwa mama, hiyo nilijua itakuya. Chini kabisa, na bic ya muzee mwenyewe, ameandika: "na ile Mamba Muntu." Siku ile alikaa mbele yake wakati murefu, akaangalia sura, akaangalia bibi yake, akaangalia sura tena, akanigonga bega. Njo nikakumbuka ni nani.

Mama hajaiona karibu. Rangi haijakauka. Mwenye ako na petroli aniandikie.