Eti mafundi ndio waliomwangusha

Kuna video ya historia ya mashine za hesabu inazunguka kwenye magrupu. Msimuliaji anafika kwa Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, anaeleza jinsi mashine aliyoionyesha London mwaka 1673 ilivyoshindwa kubeba makumi (ile moja ya kupeleka safu inayofuata) sawasawa, kisha anahukumu: wazo lilikuwa kubwa, mafundi ndio waliomwangusha. Basi, kesi imekwisha. Kana kwamba mafundi wale walikuwa na vifaa vya maana wakagoma kuvitumia!

Haya, Pascal, Mfaransa aliyetengeneza mashine ya hesabu kabla ya Leibniz, naye alilalamika juu ya mtengeneza saa wa mji wa Rouen aliyeiga mashine yake: nje inapendeza, ndani haifanyi kazi. Wababaishaji walikuwepo, nakubali kwa shingo upande. Lakini mtu anayekata meno ya gurudumu kwa tupa na jicho lake mwenyewe, usahihi angeutoa wapi?

Wa kusimuliwa ni fundi aliyeutafutia usahihi huo mashine, Jesse Ramsden, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni wa Yorkshire, ambaye kazi ya kwanza kufundishwa ilikuwa ya vitambaa. Alihamia London akaingia kwenye uchongaji wa vyombo vya kupimia. Enzi hizo alama za digrii kwenye vyombo hivyo zilichorwa kwa mkono, moja baada ya nyingine. Na si urembo ule. Baharia anayetafuta longitudo, yaani yuko mashariki au magharibi kiasi gani, kwa kupima pembe kati ya mwezi na nyota, akikosea dakika moja tu ya pembe, anaweza kuwa maili 30 mbali na pale anapodhani yupo. Maili thelathini, usiku, penye miamba!

Katikati ya miaka ya 1770 Ramsden alikamilisha mashine yake ya kugawanya duara, yaani ya kuchora alama hizo za digrii: gurudumu la inchi 45, meno 2,160, linasukumwa na skrubu. Zungusha skrubu mara 6, gurudumu limesogea digrii 1. Sasa, gurudumu haliwezi kuwa sahihi kuliko skrubu inayolisukuma, na skrubu ya namna hiyo haikuwa ya kununua dukani. Ikabidi kwanza atengeneze mashine ya kukatia skrubu. Ndugu zangu, kama hiyo si akili kubwa, nionyesheni kubwa ni ipi.

Mwaka 1777 Bodi ya Longitudo ya Uingereza ilimlipa pauni 615: 300 za zawadi, 315 za mashine yenyewe. Masharti ndiyo yaliyonifurahisha: aieleze mashine kwa maandishi, afundishe mafundi wengine, na awachoree washindani wake alama kwenye vyombo vyao kwa bei iliyopangwa. Siri ya karakana moja ikawa ya wote, kwa fedha ya umma. Mara chache nasifu serikali. Leo naisifu ile.

Alikuwa na kasoro, tena kubwa. Duara, yaani chombo kikubwa cha kupimia mahali pa nyota, lililoagizwa kwa ajili ya kituo cha kutazamia anga cha Dunsink, Ayalandi, mwaka 1785 lilifika 1808, mwenyewe yuko kaburini. Aliyewahi kushonesha nguo ya Idi ananielewa.

Ila lile la kituo cha Palermo, Italia, alilimaliza, 1789. Kwa chombo hicho padri Giuseppe Piazzi aliigundua Ceres, sayari kibete, tarehe 1 Januari 1801. Ramsden alikuwa amefariki Novemba iliyotangulia, na anayetajwa ni Piazzi peke yake, utadhani padri yule alipima anga kwa vidole.