Kurasa kumi, mdomo mmoja

Jamani, hii ya kuuliza simu "rubani wa Vasco da Gama alikuwa nani?" inachosha. Jibu ni lile lile: Ahmad ibn Majid, Malindi, 1498. Kurasa kumi za mtandaoni, zimenakiliana mpaka makosa ya herufi! Dai lenyewe linatoka kwa Nahrawali, mwanahistoria wa Makka, aliyeandika miongo kadhaa baada ya safari. Wareno wanamtaja Mgujarati, "Malemo Cana". Na hilo "malemo" ni mwalimu, yaani mwongoza chombo, Kiswahili cha jahazini kabisa. Maktabani jina hilo unalikuta kwenye tanbihi, kwa herufi ndogo.

Tahajia nayo. Ukitafuta kwa kuandika "Malindi", hati za Kireno zinajificha, andika "Melinde". Lamu, jaribu "Lamo" na "Amu".

Balaa ni hati za Kiswahili cha herufi za Kiarabu: zikipigwa picha tu, mashine haizitafuti. Tarehe zake ni za Hijria, mwaka mfupi kuliko wa Miladi kwa siku 11 hivi. Mtu anaona 1228, anajumlisha 622, mwaka Hijria ilipoanza, anapata 1850. Sahihi ni 1813! Miaka 37 imeliwa, na kesho kurasa kumi nyingine zimeshamnakili.