Milima ya Kondoa haijakosa miche, imekosa matunzo

Kila Desemba mkoani Dodoma, hotuba za kupanda miti hunyesha kabla ya mvua yenyewe. Miche hupandwa, picha hupigwa, na ikifika Oktoba kwenye shimo kimebaki kijiti kikavu. Lawama zote hubebeshwa tabianchi.

Hali ya hewa ni ngumu kweli. Dodoma mjini mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Februari nayo ina tabia ya kukata mvua katikati. Mche wenye mzizi wa sentimita 20 hauvuki kiangazi cha miezi saba. Kisiki cha mtundu, mti wa misitu ya miombo, kilichokatwa kwa ajili ya mkaa kinavuka, kwa kuwa mizizi yake imekwenda chini sana na ina akiba ya wanga. Ndiyo maana mtundu huchanua majani mekundu Septemba, vumbi likiwa bado linatimka.

Kondoa ilishatupa jibu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoliwa na mmomonyoko. Vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, vilivyokuwa vipara vikarudisha vichaka, kisha miti, sehemu kubwa kutokana na visiki na mizizi iliyokuwa tayari ardhini. Siisifu namna ilivyofanyika. Familia zilipoteza maziwa na samadi, na ufugaji wa ndani ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1980 wakati ulipaswa kutangulia.

Kazi yenyewe ya kutunza visiki ni ya panga kali na macho. Kisiki kimoja kinaweza kuwa na machipukizi kumi na tano, yote membamba, yakigombea maji yale yale. Bakiza matatu hadi matano, yaliyonyooka na kushika vizuri chini kwenye shina. Yaliyoota juu ya mbao inayooza hung'oka kwa upepo. Usibakize moja tu mwaka wa kwanza: mbuzi akilipitia, huna la akiba. Matawi ya pembeni yapogoe kuanzia chini, bila kupita nusu ya urefu wa chipukizi, ukikata kutoka chini kwenda juu, maana ukikata kwa kushuka tawi huanguka na ukanda wa gome. Funga kitambaa cha rangi ili mchunga mifugo na mkata kuni wajue kisiki kina mwenyewe. Fanya kazi hii yote Juni hadi Agosti. Ukisubiri majani mapya yatoke, utatupa akiba ambayo mizizi imeshaitumia kuyatoa. Mwaka unaofuata punguza tena.

Kinachoharibu zaidi ni moto wa Septemba na Oktoba. Nyasi zimekauka kabisa, moto unapanda juu, na unakuta machipukizi ndiyo kwanza yametoa majani. Barabara ya kuzuia moto isafishwe mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na ubichi.

Kupanda kuna mahali pake: kingo za makorongo na mashamba yaliyong'olewa visiki kwa trekta. Hapo chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 kabla ya mvua, weka tuta la nusu mwezi upande wa chini wa mteremko, na panda mvua ikishalowesha udongo vizuri. Kwingineko, fedha ya kununulia miche ingemlipa mlinzi wa msitu wa kijiji kwa miaka mitatu ya mwanzo, kipindi ambacho chipukizi bado liko usawa wa mdomo wa mbuzi.