Kabla ya bei, uliza maji

Unga ukipanda bei hapa Lubumbashi, macho yote yanageukia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tunaulizana kama malori yamekwama, kama Zambia imefunga mpaka tena. Mwaka 2024, ukame ulipoipiga Zambia hadi serikali yake ikatangaza janga la kitaifa mwezi wa pili, kila mama anayenunua unga kwa meka, kipimo cha sokoni, alielewa kwamba habari hiyo inamhusu. Na kila bei inapopanda, wito unarudi: tule chakula cha kwetu. Ninauunga mkono kwa moyo wote. Ila naona tunauacha njiani, kwa sababu tunazungumzia mahindi tu.

Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na tangu enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, unga wa kulisha wafanyakazi wa migodi ulikuwa ukiletwa kutoka ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini ya wakati ule. Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga alizitaka kampuni za madini zilime mahindi, hekta 500 kila moja, na bado tunasubiri malori. Kulisha mji wa mamilioni ya watu kunataka barabara, mbegu, mbolea, na viongozi ambao hawasahau wakulima baada ya mavuno. Hayo tuyadai. Lakini kile tunachokula pamoja na bukari (ugali wetu), yaani mboga, uyoga, viwavi, samaki, kinaamuliwa kila siku na mwenye kapu sokoni, na hapo hatuhitaji kumsubiri mtu.

Tuanze na mboga za majani. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, nenda kwenye bustani za Kilobelobe, Kashamata au Chem-Chem uone kazi inayofanyika. Watu wanamwagilia matuta kwa mkono, asubuhi na jioni, wanabeba samadi ya kuku kwa magunia, wanakata lengalenga (mchicha) alfajiri ili ifike soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, kabla jua halijaikausha. Hakuna mboga iliyosafiri njia fupi kuliko hiyo. Na wanaoilima, wengi wao wanawake, hawana hati ya ardhi wanayolima. Kiwanja kikiuzwa, bustani inakuwa nyumba, nao wanasogea mbali zaidi.

Sasa jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Katika mji wa migodi, ukaribu peke yake si sifa. Bomba kubwa la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, lilitema vumbi la metali juu ya vitongoji vyetu kwa miongo mingi, na mito inayopita mjini inapokea maji machafu kabla ya kufika kwenye matuta. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopima mkojo wa watu wa Katanga, na wale walioishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikutwa na kobalti, risasi, kadimi na urani nyingi kuliko walioishi mbali. Watafiti wa chuo kikuu chetu wamepima pia udongo wa bustani na mboga zenyewe. Majani ndiyo yanayobeba sana. Kuyaosha kunaondoa vumbi lililokaa juu, na tuoshe vizuri, kwa maji mengi. Lakini kilichopanda kupitia mizizi hakioshwi.

Sisemi tuwakimbie wakulima hawa. Mkulima hakuumwaga uchafu ule, na ndiye wa kwanza kuugusa na kuula. Ninachosema ni kwamba tubadilishe swali letu sokoni. Badala ya kuanza na "Mama, unapunguza?", tuanze na "Mama, bustani yako inakunywa maji gani, ya kisima au ya mto?" Anayemwagilia kwa kisima mbali na viwanda, anayerutubisha udongo kwa samadi na chokaa, kitu ambacho husaidia kupunguza metali zinazoingia kwenye mmea, huyo anastahili kulipwa zaidi, na anastahili mteja anayerudi kila wiki. Asipopata faida kwa uangalifu wake, atauacha, na mimi nisingemlaumu.

Halafu kuna msitu. Mvua zikianza, barabara zinazoingia mjini zinajaa mabeseni ya uyoga, pamoja na ule mkubwa wa vichuguu ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Baadaye viwavi. Haviombi mbolea, haviombi kumwagiliwa, vina protini kama nyama, na babu zetu walivila kabla ya mgodi wa kwanza kuchimbwa. Nashangaa tunavyovihesabu kama starehe ya msimu huku samaki tomsoni wa barafu, aliyevuliwa baharini maelfu ya kilomita kutoka hapa, tukimwita chakula cha kila siku.

Viwavi vinakula majani ya mutondo na miti mingine ya miombo, msitu wetu. Miti hiyo hiyo ndiyo inayokatwa kuwa makala (mkaa) ya mbabula zetu, majiko ya kupikia. Na vichuguu vile vikubwa vinavyoota uyoga vinabomolewa kuwa matofali ya nyumba zetu mpya. Kwa hiyo anayesema anapenda chakula cha Katanga na kila mwezi ananunua magunia ya makala bila kufikiri, anaula msitu mara mbili. Najua umeme unakatika, na hakuna mama atakayelala njaa akisubiri urudi. Lakini mbabula inayohifadhi moto hutumia makala kidogo, maharage yaliyolowekwa usiku huiva upesi, na kichuguu kilicho ndani ya kiwanja chako kinaweza kubaki kimesimama.

Samaki nitawagusa tu: uvuvi wa ziwa Mwero na mto Luapula hufungwa kuanzia mwezi wa 12 hadi mwisho wa mwezi wa pili ili samaki wazae. Miezi hiyo wale wabichi wanaodaiwa kutoka Kasenga, mji wa wavuvi kando ya Luapula, tuwaache. Ndakala (dagaa) wakavu wapo.

Ninaloliomba kwa wakuu wa mji ni dogo. Maabara ziko chuoni na wanafunzi wanaojua kupima wapo. Yapimwe maji na udongo wa kila eneo la bustani, matokeo yaandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao mlangoni mwa kila soko, na wakulima ambao ardhi yao itakutwa na sumu wapewe pengine pa kulima, badala ya kufukuzwa. Tuanze kiangazi kijacho, maana ndipo bustani zinapojaa na mito inapopungua maji, na uchafu uliomo unakuwa mzito zaidi.