Anwani mbili na mtoto asiye na sanduku la posta

Barua ya kirafiki ina anwani ngapi? Mwanafunzi wa darasa la sita anayejua kuwa ni moja, tena hukaa juu upande wa kulia, amepata alama yake. Kama barua hiyo ingemfikia mtu na kueleweka, haulizwi. Kwangu kasoro ya somo la barua iko hapo, ingawa wazazi wengi hulalamikia jingine: siku hizi nani anatuma barua?

Lalamiko lao lina uzito. Familia nyingi Tanzania hazijawahi kuwa na S.L.P. yao, barua zilipitia sanduku la shule, la parokia au la ofisini kwa baba. Mtoto wa leo ananakili namba ya sanduku kutoka ubaoni, anaandikia rafiki wa kubuni, na shangazi yake halisi yuko WhatsApp. Kumkaririsha mahali pa kubandika stempu ni kumfundisha historia.

Lakini barua haikufa na stempu. Maombi ya kazi serikalini yanapita mtandaoni, na bado tangazo la Sekretarieti ya Ajira linataka uambatanishe barua ya maombi iliyosainiwa. Kuna barua ya kuomba ruhusa, ya kujiuzulu, ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Na posa je? Mshenga haendi ukweni na meseji. Anakwenda na bahasha, na wazee wa upande wa binti wataisoma mstari kwa mstari wakitafuta heshima iliyopungua. Kwa hiyo barua rasmi, na anwani zake mbili na YAH yake, sioni haja ya kuitetea zaidi.

Ya kirafiki ndiyo ngumu kuitetea. Wanaoipenda huleta mila: waraka ni nusu ya kuonana, na nyaraka za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana ni barua za Kilwa za mwaka 1711, kwa hati ya Kiarabu, zilizohifadhiwa Goa huko India. Ni urithi wa kujivunia, ila haumpi mtoto wa Mbagala sababu ya kushika kalamu.

Sababu ninayoiona mimi ni kwamba msomaji wa barua hawezi kukukatiza. Kwenye simu mtoto akisema "yule jamaa kaja tena", ataulizwa jamaa gani, na mambo yataendelea. Kwenye barua inabidi akumbuke mapema kwamba bibi hamjui jamaa huyo. Mtu atasema insha inatosha kwa zoezi hilo. Haitoshi, kwa sababu msomaji wa insha ni mwalimu aliyeitunga mada mwenyewe.

Tatizo ni kwamba tunavyofundisha tunaliua jambo hilohilo. "Natumaini u mzima wa afya. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha..." Darasa zima, barua moja. Sizilaumu salamu, barua inayoparamia shida bila kumjulia mtu hali ni utovu wa adabu. Ila baada ya salamu hakuna kitu. Umoja wa Posta Duniani una mashindano ya barua kwa watoto wa miaka 9 hadi 15, tangu 1971, na mwaka 2025 uliwataka wajifanye bahari wamweleze mtu kwa nini na namna gani aitunze. Kujifanya bahari kunanizidi kidogo, lakini angalau pale kuna wa kuandikiwa na cha kumwambia.

Mwalimu naye ana hoja. Darasa limefurika, na swali la kuchagua linasahihishwa haraka kuliko rundo la barua. Simwiti mvivu. Ninaomba barua moja ya kweli kila muhula: darasa la saba limwandikie mwenyekiti wa mtaa kuhusu kalavati lililoziba getini, la tano liwaandikie mabibi, na karatasi ikunjwe apewe anayesafiri likizo. Wanafunzi wasomeane kabla hazijatoka, wapigie mstari wasichokielewa. Mwalimu akague chache. Anwani ipewe alama mbili, inatosha. Bibi akijibu kwa simu badala ya barua, si neno. Maswali atakayouliza yatamwonesha mjukuu alichosahau kueleza.