Krimu ya vitamini C haitaki jua la Tanga

Chupa yangu ya kwanza ya vitamini C niliiweka dirishani, chumbani kwangu Ngamiani, kando ya kioo. Nilipoinunua ilikuwa kama maji. Miezi miwili baadaye ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, nami nikaendelea kujipaka tu. Nilikuwa na miaka 51, madoa yamenikaa mashavuni tangu mimba ya mwisho, makunyanzi yanajichora pembeni ya macho. Sikuona mabadiliko yoyote, nikawaambia wenzangu kwamba tumeibiwa.

Nilikosea. Naandika haya kwa ajili ya wanawake wa rika langu waliokwisha kukata tamaa kwa sababu hiyo hiyo.

Ngozi yetu inashikwa na kolajeni kama nyumba ya udongo inavyoshikwa na fito. Bila vitamini C mwili hausuki kolajeni imara. Mabaharia wa zamani, waliokaa miezi bila matunda, fizi zilivuja damu na makovu ya kale yakafumuka. Umri ukienda kolajeni hupungua, na jua huzidi kuivunja. Vitamini C ya kujipaka huusaidia mwili kusuka mpya na hupunguza makali ya uharibifu wa jua. Pia hukizuia kiasi kile kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, na hapo ndipo madoa yanapofifia.

Naulizwa sana: si tunakula machungwa ya Muheza? Tule, tena tusiache. Ila kinacholiwa hugawanywa mwili mzima, damu ikishatosheka kinachozidi hutoka na mkojo. Mwaka 2001 Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba asidi ya askobiki, yaani vitamini C yenyewe, huingia ngozini ikiwa na uchachu wa pH chini ya 3.5, na kwamba kupita asilimia 20 hakuongezi faida. Kwa hiyo anayekuuzia ya asilimia 30 kwa bei ya juu hakupi zaidi.

Wala usikamue limau usoni. Nawasihi. Maji ya limau yakikutana na jua huweza kuchoma ngozi hadi malengelenge, na yakipona huacha mabaka meusi kuliko yale uliyotaka kuyaondoa.

Tena hii si mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu, na zina sababu ya kupigwa marufuku. Vitamini C haikubadilishi ukawa mtu mwingine. Unabaki na weusi wako, ila uso unakuwa sawa.

Sasa turudi kwenye dirisha langu. Asidi hii huharibiwa na hewa, mwanga na joto, na mji wetu una vyote. Nimeona chupa zimepangwa kwenye meza, jua la saa saba linazipiga. Nilipomwonyesha muuzaji moja iliyokwisha kuwa kahawia, alinijibu, "Mama, ndiyo rangi yake hiyo." Sivyo. Njano hafifu naivumilia, kahawia naiacha hapo hapo. Siku hizi naomba ya ndani ya boksi, ya chupa nyeusi au isiyopitisha mwanga, ndogo ili iishe mapema, na nyumbani inakaa kwenye friji.

Asubuhi naosha uso, naufuta ukauke, natia matone machache, kisha krimu ya kukinga jua ya SPF 30. Hiyo ya pili usiiruke, kwa sababu jua la njiani kwenda sokoni Mgandini linaweza kurudisha doa lote. Mwanzoni ilinichonyota kidogo, nikawa napaka siku moja nairuka moja. Ngozi ikiwaka au ikatoka vipele, acha, umwone daktari wa ngozi.

Ilinichukua miezi mitatu. Madoa yamefifia, hayajaisha. Ngozi imelainika na uso una nuru. Mikunjo mirefu ya paji la uso ipo pale pale, na sikutarajia vingine.

Shangazi yangu, aliyesaga liwa kwenye msio tangu usichana wake, alipoiona chupa kando ya maziwa aliguna. "Mwanangu, dawa ya uso inakaa na chakula?" Wiki iliyofuata alikuja asubuhi, nikamwamkia, akaninyooshea mikono yote miwili, migongo ya viganja juu, nimpake.