Kaunti Ije Wakati wa Msingi

Alama ya X nyekundu ukutani, ya jengo linalotakiwa kubomolewa, ndiyo sura ya kaunti tuliyoizoea Mombasa. Inapakwa jengo likishafika orofa ya nne, na nondo za orofa ya tano tayari zimesimama. Kufikia hapo nani atajua msingi ulichimbwa futi ngapi, au zege lilitiwa saruji kiasi gani? Kinachobaki ni kubomoa jasho la mtu au kufumba macho, na yote mawili yanatuumiza.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema maombi ya ujenzi yasipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kimetolewa. Ni kinga nzuri kwa mwananchi dhidi ya ofisi zinazokalia faili. Lakini ofisi ikinyamaza tu, ghorofa zima laweza kupanda bila mhandisi wa kaunti kuifungua ramani yake.

Nenda Majengo au Tudor ujionee. Palipokuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, karo moja (shimo la maji taka) uani na kisima hatua chache kando, sasa panapanda ghorofa la familia chungu nzima. Mabomba ya maji taka hayajafika sehemu kubwa ya mji huu, kwa hiyo vyoo vya wote hao vinaishia kwenye ardhi ile ile tunayoteka maji. Mkaguzi angeanza kuuliza hapo, kwenye karo.

Mnyonge naye ana lake. Mombasa tuna nyumba bila ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine, na kodi ya ardhi unamlipa yeye. Mtu huyu hana hatimiliki, basi hata akitaka kumjengea mwanawe anayeoa chumba kwa njia ya halali, anakwama kwenye dirisha la ofisi ya kaunti. Ndipo mawe yanapangwa usiku na Jumapili, kanjo, askari wa kaunti, wakiwa mapumzikoni. Simlaumu hata kidogo.

Ninachodai kinawezekana. Mkaguzi afike mtaro wa msingi ukiwa wazi, apime, azione nondo, atie saini kabla zege halijamwagwa, kisha arudi kila slabu. Maombi yabandikwe kwenye ofisi ya wadi, tarehe ya kupokelewa ikionekana, majirani wajue siku 60 zimeanza lini. Na anayeongeza chumba kimoja kwenye nyumba bila ardhi akubaliwe kwa barua ya mwenye kiwanja na mchoro mdogo, asidaiwe makaratasi ya mwenye ghorofa.